Nilipanda Bunia Kuchukua Masikio

Ee batu ya Kasenyi! Benye kuanika samaki, benye kushona nyavu, na ninyi benye mulikuja tu kuniomba chumvi, mukae chini! Mama Zawadi, weka kisu kidogo, iyo samaki haitakimbia, imeshakufa. Mukaribie. Hapana, musinipigie kelele! Leo mutu asinipigie kelele. Museme polepole, na miye nitasikia. Munabisha? Mungoje, mutaona.

Munajua namna nilikuwa. Masikio yangu ilifungika sawa mutu anafunga duka: leo dirisha moja, kesho ingine, mwisho mulango. Kwanza ndege ilinyamaza. Kisha batoto. Kisha banamuke. Kisha pasta, na iyo sikulia sana. Mbu ilikuwa inaimba mu sikio yangu bure, muziki nzima, hakuna musikilizaji. Nilibaki nasikia radi tu, na radi yenyewe ilipashwa kukuja karibu.

Na mutu mwenye hasikie anafanya nini? Anacheka. Mutu akinielezea kama mbuzi yake imekufa, miye nacheka na kumupiga ku bega. Nilipoteza barafiki kupita nywele.

Lakini mwenye aliteswa zaidi ni bibi yangu, Mama Eliza. Akitaka kuniambia chakula imeiva, alikuwa anaita na nguvu mpaka bavuvi ya Uganda, kule ngambo ya ziwa, banaosha mikono banangoja sahani.

Basi, siku moja asubuhi alikaa mbele yangu, pale ku meza ya makayabu, samaki ya chumvi, juu nione mudomo yake. Akapiga kelele na sauti yote:

— Faustini! Niko na neno moja ya kukuambia! Lakini siwezi kuisema na kelele! Ni neno ya mu sikio!

Nikasema: — Neno gani?

— Ya mu sikio! Siye tumezeeka! Sitaki kukufa nayo mu kifua!

Bote benye balikuwa ku ziwa baligeuka. Nikamusogezea sikio. Akasema kitu. Niliona mudomo inatembea, nilisikia joto ya pumuzi yake, basi. Neno iliingia sikio ikakuta mulango imefungwa, ikarudi. Mama Eliza akafuta macho na kitenge, akasema tena kwa nguvu:

— Ukuje na masikio, njo nitasema!

Ee! Neno gani iyo? Nilihesabu mambo yote. Ameuza mutumbwi yangu? Kuna muzee mwengine anamupenda? Nilikosa hamu ya kula, nikakula sahani tatu tu.

Binti yetu Furaha, mwenye aliolewa Bunia mu mutaa ya Mudzipela, alikuwa ameshasema kama kule kuko pahali banapima masikio ya bazee, banabapa mashini ndogo. Miye nilikatala. Nilisema: mashini ni ya bazee. Mama Eliza aliniuliza: — Na weye uko nani? Ile siku sikukatala tena. Mukwe wangu alisema kulipa falanga ni kazi yake, miye nilete tu kichwa.

Asubuhi, kutoka Kasenyi. Nilipanda mu gari ya samaki ya Tito. Tito ni shofele kijana, muzuri, lakini hana akili ya hadisi. Juu ya nini nasema ivyo? Njiani nilimuelezea ile hadisi yenye munapendaka, ya namna nilimuoa Mama Eliza: bachumba saba benye kumutaka, mmoja na ngombe, mmoja na duka, mmoja na suti nyeupe, na miye na kaptula moja. Namna niliogelea kufika kwa baba yake, mamba nyuma yangu, nayo pengine ilikuwa muchumba wa nane. Namna baba yake aliona kichwa yangu inatoka mu maji, akasema: huyu njo mwanaume, bengine murudi kwenu!

Hapa Kasenyi, nikimaliza iyo hadisi, Mama Eliza akiwa nyuma yangu anageuza samaki, munachekaka mpaka mutu anashika mbavu. Tito je? Nilimuangalia uso. Hakuna. Aliendesha tu. Nikasema: maskini, mutoto hakufundishwa.

Ku mulima. Pale njia inaacha ziwa na kuanza kupanda, gari ilikamata kona, na kona ingine, inalia sawa mama ngombe. Nusu ya mulima, mu kichwa yangu: pah! Sawa mutu ameng'oa kifuniko ya chupa. Nikasikia gari inanguruma! Nikamushika Tito mukono.

— Simama! Nimepona! Geuza gari, turudi kwa Mama Eliza!

Tito akasimama, akainama ku sikio yangu: — Papa Faustini, iyo ni mulima! Kila mutu mwenye anapanda, masikio yake inapasuka! Hata mbuzi!

— Mbuzi ni mbuzi. Kwangu ni Mungu.

— Haya, tujaribu.

Akashuka, akaenda kusimama nyuma ya gari. Nikangoja. Akarudi anatoka jasho.

— Umesikia nini?

— Hakuna. Ulinyamaza.

Tito akashika kichwa na mikono mbili. — Papa, nimeimba kantiki nzima ya kanisa! Beti yote!

Basi, tukaendelea kupanda.

Juu, mu kijiji ya Bogoro, tulinunua ndizi. Ku barière, pale njia inafungwa na kamba, askari aliniomba karata ya kitambulisho, nikamujibu: "Muzuri, asante, na kwenu?" Alicheka, akateremusha kamba. Kila barière ingekuwa ivyo, tungefika asubuhi ya jana.

Bunia, mu Mudzipela. Munaisikiaka tu. Mudzipela moto, ile pikipiki, iko mingi kupita batu. Naona kule mutoto anazaliwa amepanda yake. Nilishuka mu gari, nikavuka njia sawa mufalme, bila kuangalia. Furaha alinivuta shati, kifungo mbili ikaruka. Moto ilipita pale tumbo yangu ilikuwa inataka kupita. Ilikuwa inapiga honi tangu mbali, Furaha alisema, batu yote njiani ilisikia. Miye nilisikia upepo tu.

Ku nyumba, mujukuu wangu Neema alikuja kunisalimia. Katoto kadogo, meno ya mbele hakuna. Akasema na miye, mudomo inatembea, mikono inatembea. Nikacheka, nikamupiga ku bega. Akaniangalia. Akasema tena. Nikacheka tena. Basi akageuka, akaenda kusema na kuku. Na kuku ilisimama, ikamusikiliza. Batu yangu, wivu ya bachumba saba siijui, lakini ile siku nilisikia wivu ya kuku.

Kesho yake, kwa Madame Josefine. Huyu njo mama mwenye anapima masikio. Aliniangalia ndani na tochi, akatoa uchafu yenye ingetosha kupaka nyumba na choo. Kisha akanifungia mu kabini ndogo sawa kabati, akanivalisha kaske ya masikio ku kichwa, akanipa buto ya kufinya: ukisikia kasauti kadogo kokote, finya.

Miye mutu ya kushindwa? Nilifinya! Nilifinya na kidole ya mukono ya kuume, ikachoka, nikafinya na ya kushoto. Madame akafungua mulango. Akasema na kelele, lakini na uso ya upole:

— Papa, unafinya sana.

— Ni juu nasikia sana!

— Papa, bado sijawasha mashini.

Furaha alitoka inje kucheka, nilimuona ku dirisha amekunjika. Madame akakaa karibu yangu.

— Hii haiko mutihani, papa. Hakuna mutu atakufukuza. Ukisikia, finya. Kama hausikie, kaa kimya. Kukaa kimya pia ni jibu.

Kukaa kimya! Miye! Iyo kazi ilipita kuvuta nyavu imejaa mawe. Lakini nilifikiri Mama Eliza na neno yake mu kifua, nikakaa kimya. Kimya ilikuwa mingi kupita vile nilijua.

Alipomaliza alinionyesha karatasi yenye mistari inashuka sawa njia ya Kasenyi. Akasema sauti nene naikamata, lakini ndogo-ndogo inanipita, na mu ile ndogo njo maneno iko. Nikamuambia:

— Nimeelewa, madame. Nyavu yangu imepasuka. Samaki kubwa inabaki, ndogo inatoroka.

— Njo ivyo. Mashini itafanya ndogo ikuwe kubwa. Lakini nyavu haitakuwa mupya, papa. Usifikiri utarudi kijana.

— Na magoti?

— Magoti haiko kazi yangu.

Alipima tundu ya masikio na kitu laini sawa ugali, juu atengeneze vifuniko ya kipimo yangu. Tukangoja siku chache. Kisha tukarudi. Akaniweka mashini mbili nyuma ya masikio, kila moja na kajiwe ka radio, ile betri, kadogo sawa jicho ya samaki. Mbili, juu masikio ni mbili, na mutu haendeshi mutumbwi na kasia ya upande moja.

Akawasha. Akasema polepole, hata bila kufungua mudomo sana: — Papa Faustini, uko unanisikia?

Niligeuka kuangalia nani ameingia. Hakuna mutu. Ni yeye! Macho yangu ilitoka maji, lakini iyo ni juu ya ile taa yake, ilikuwa kali.

Ee batu yangu! Mulinificha mambo! Hakuna mutu mwenye aliniambia kama shati inasemaka. Ukigeuka, inafanya shi-shi-shi. Nilimeza mate, nikasikia ngombe inakunywa mu mutoni, kumbe ni miye. Nilisikia inzi anatembea ku ukuta, na mguu yake moja ilikuwa inachechemea! Nikatoka inje na kiburi. Moto ya Mudzipela ikaniona, ikapiga honi. Nikarudi ndani mbio.

Madame akacheka. — Polepole, papa. Kichwa yako imesahau kusikia, ni lazima ijifunze tena. Anza ndani ya nyumba, kidogo kidogo, ongeza kila siku. Na uambie batu bakuangalie ku uso bakisema. Na weye pia, papa…

— Ndiyo?

— Sasa unaweza kuteremusha sauti. Niko hapa karibu.

Kumbe ni miye nilikuwa napiga kelele!

Mangaribi, ku nyumba. Nilikaa mu kiti, mugongo ku mulango. Nyuma yangu nikasikia kasauti kembamba, Neema na kuku yake. Anaiambia habari yangu miye koko, babu yake:

— Koko yangu ni muzuri. Lakini masikio yake imelala.

Sikugeuka. Nikasema: — Imeamuka.

Kuku iliruka juu, Neema akaruka kuipita! Kisha akakuja mbio, akapanda ku magoti yangu, akaanza kusema. Akanielezea kuku, akanielezea jino yenye ilianguka, akanielezea jirani na mambo yenye mama yake alimukataza kusema. Alisema mpaka usingizi ikamukamata na neno nusu mu mudomo. Nami nikamujibu yote. Kuku ilisimama ku mulango, inatuangalia. Nikaiambia: kwenda kutafuta mujukuu yako.

Kesho majirani ya Furaha ilikuja kuona mashini. Nikasema: leo nitasikia kicheko! Nikabaelezea ile hadisi, bachumba saba, mamba, yote, na nikaongeza mamba ya pili. Nikamaliza. Nikangoja. Mutu mmoja alisema: "Ah, sawa." Mwengine aliomba maji.

Niliogopa. Nikamuuliza Furaha:

— Hii mashini haikamatake kicheko?

Furaha aliuma mudomo. — Papa, ile hadisi inatakaka Mama akuwe nyuma yako.

Sikuelewa. Nilisema pengine mutu wa Bunia hajui mamba.

Sasa musikilize bujinga yangu. Madame alisema: mashini haipendi maji, kila jioni ikauke muzuri. Miye mutu ya makayabu! Kitu yenye unataka ikauke, ikae, isioze, unafanya nini? Kila mutu hapa anajua, hata mutoto mwenye anatambaa. Nikatafuta kopo, nikalaza masikio yangu mbili pale ndani, nikayafunika na chumvi, muzuri kabisa, juu na chini. Nikalala na roho safi.

Asubuhi nikavaa. Ya kuume: kimya. Ya kushoto: inalia sawa chura mwenye homa. Furaha akafungua kopo.

— Papa! Umefanya masikio makayabu!

Tukarudi kwa Madame Josefine. Ile njia sikufanya masihara hata moja, na munajua iyo ni hatari. Nilikaa ku kiti yake, naangalia mikono yake inafungua, inafuta, inapuliza, inasafisha na kaburosi. Furaha alisema kitu, na miye nikaona tu mudomo inatembea, sawa mbele. Nikafikiri: nitarudi Kasenyi, Mama Eliza atasogea ku sikio yangu, na nitacheka tu na kumupiga ku bega. Nikaomba Mungu. Nikamuambia: hadisi ya mamba naweza kuacha, lakini ile neno nipe.

Madame akaniweka ya kushoto. Akaniweka ya kuume.

— Papa, chumvi inavuta maji na inakula chuma. Samaki haina chuma.

Nilisikia yote, mpaka "chuma". Nikashika mikono yake mbili. Akanipa kakopo kadogo na dawa yake ya kukausha ndani. Furaha akaandika juu yake na rangi nyekundu: HAPANA CHUMVI.

Kurudi. Tito alinichukua asubuhi. Tukateremuka mulima, masikio ikapasuka tena, pah, na hii mara sikumuambia asimame. Niliona ziwa chini inametameta. Tito, alifikiri siko nasikia, akaanza kuimba. Nikangoja amalize beti yote.

— Tito.

— Papa?

— Ile siku ya kupanda, Mungu alinikinga. Unaimba mubaya sana.

Gari ilitaka kutoka njia!

Kasenyi, jana. Mama Eliza alikuwa ku meza ya makayabu. Aliniona, akajaza kifua kupiga kelele. Nikainua mukono.

— Polepole, Eliza.

Alifunga mudomo. Akaniangalia ku sikio huku, akazunguka, akaniangalia ku sikio kule. Akanyoosha kitenge yake. Mukasema sasa atasema? Akaenda kupika! Masikio nimeleta, neno hakuna!

Nikakaa. Nikasikia maji ya ziwa inalamba muchanga. Nikasikia mafuta inakaanga. Na kule jikoni, nikasikia mutu anaimba. Batu yangu, nilisahau kama Mama Eliza anaimbaka. Miaka yote iyo alikuwa anaimba, na miye nakaa pembeni sawa gunia ya chumvi. Sikumuita. Nilisikiliza mpaka samaki ikaungua kidogo, na ilikuwa tamu.

Tulipomaliza kukula akavuta kiti yake ku upande ya kuume. Akaweka mukono ku bega yangu. Na akasema neno yake ndani ya sikio, na ile sauti yake ya zamani, ya chini, yenye nilifikiri imekufa. Nilisikia yote, hata pumuzi kati ya maneno. Nikakaa kimya, sawa mu kabini. Kisha tukacheka siye wawili, yeye kwanza.

Basi, bazee wenzangu, munifuate. Mwenye anasema "eh?" mara tatu, apande Bunia. Musingoje duka ifungwe yote sawa vile nilingoja. Masikio haiko ya mutu moja: ya kwangu ilikuwa ya Eliza, ya Neema, hata ya ule mwenye alikuwa anapiga honi. Na chumvi muwachie samaki.

Neno gani? Aa-aa! Musinyooshe shingo! Iyo ni ya miye na yeye, haitatoka hapa. Nitasema tu kama inagusa ile hadisi ya ndoa yetu, na tangu jana sijui kama nitaielezea tena na mamba. Basi. Ni siri. Nitazikwa nayo.

Eh, Mama Zawadi! Unacheka nini, sijamaliza? Sema. Polepole, nakusikia.

— Papa Faustini, kama ni ile ya kusema hakukuwa bachumba saba wala mamba, ni yeye mwenyewe njo alimutuma baba yake akuite, iyo Mama Eliza anatuambiaka nyuma ya mugongo yako kila mara unamaliza hadisi! Njo yenye inatuchekeshaka! Kasenyi nzima tulishasikia, ni weye peke yako haukusikia!